MATUSI YA SIMU: YANAANZA KWA MAMA, YANAISHIA KWA KABILA



Siku hizi karibu kila kikundi chetu kina mikutano miwili. Wa kwanza ni ule wa chini ya mti au ndani ya kanisa, mahali mwenyekiti anafungua kwa maombi na mwandishi anasoma kumbukumbu. Wa pili hauna saa ya kufunga, maana uko ndani ya simu. Huko watu wanatumiana habari za mazishi, bei ya gunia la mahindi, tangazo la mbolea ya ruzuku na picha ya risiti ya benki. Huko pia wanatukanana, na usiku ndio zaidi.

Safari hii tunataka kuangalia matusi ya aina moja, yaani yale yanayorushwa kwa wanawake kwa sababu tu ni wanawake, na kuuliza kwa nini hayakai peke yake. Ukiyafuata kidogo unakuta yameshikana mikono na matusi ya kabila, ya dini, ya watu wanaoitwa "wageni". Wanaochunguza mambo ya intaneti duniani wamelisema hili miaka mingi sasa. Lakini sisi wa Trans Nzoia na Bungoma hatuna haja ya kungoja mtaalamu atoke mbali, kwa sababu jambo lenyewe tuliliona kabla simu hazijafika.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, anauliza kwenye simu kwa nini wanachama wanne hawajarudisha mkopo. Jibu la kwanza ni la hesabu: mvua ilichelewa, mahindi bado. Jibu la pili linauliza tangu lini mwanamke akasimamisha wanaume kama watoto wa shule. La tatu limeacha hesabu kabisa. Linasema juu ya nguo zake, mwili wake, na gari gani lilionekana limesimama karibu na boma lake. La nne linatoka kwa mtu ambaye mwezi mzima hajasema neno: "Na hata si wa hapa. Arudi kwao."

Kutoka la kwanza mpaka la nne dakika kumi hazijaisha. Mkopo umesahauliwa. Tena angalieni vizuri: wale wanne wenye deni ndio waliofaidika na matusi hayo.

Hilo neno "kwao"

Hebu tulikalie hilo neno kidogo. Mwanamke aliyeolewa akiambiwa arudi kwao, aende wapi? Kwa baba yake wanasema alishatoka, shamba ni la ndugu zake wa kiume. Kwa mume wanasema alikuja tu. Basi mwanamke ndiye mtu wa kwanza katika kijiji ambaye tumezoea kumwambia kwamba hana kwao, na tukimwambia hatushtuki. Tunaona ni ugomvi wa nyumbani.

Sasa chukua neno lilelile uliongezee watu: "Warudi kwao." Hapo kila mzee wa Endebess, Saboti, Cheptais au Kimilili anajua tunaongea nini. Mapigano yalianza Oktoba 1991 kule Miteitei katika wilaya ya Nandi, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamefika Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon. Katika miaka ile Bonde la Ufa lilikuwa na karatasi zilizorushwa usiku zikiwaonya watu wahame. Mikutano ya siasa nayo ilikuwa na maneno yake, na moja likawa "madoadoa". Doa ni uchafu juu ya nguo, na uchafu hauombwi radhi, unafuliwa.

Neno hilo halikufa. Lilisikika tena jukwaani Januari 2022, likazua kelele nchi nzima, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya uchochezi pamoja na "kwekwe" na "mende". Tofauti ni kwamba mwaka 1992 karatasi ilihitaji mtu wa kutembea usiku akiirusha. Siku hizi inaruka yenyewe.

Katika orodha hiyo kulikuwa na neno lingine ambalo watu wengi wanalipita haraka, nalo ni "kihii", yaani mvulana asiyetahiriwa, kwa lugha ya Wakikuyu. Kwetu Wabukusu wanasema omusinde. Neno hili latufundisha jambo kubwa, kwa maana ni tusi la kabila na ni tusi la jinsia kwa wakati mmoja. Anayeitwa hivyo, hata akiwa na miaka sitini na wajukuu, anaambiwa kwamba kabila lake si wanaume kamili. Na ikiwa si wanaume, ni akina nani? Ni kama wanawake. Tusi lote linasimama juu ya fikira moja, kwamba kuwa mwanamke ni kuwa chini. Ondoa fikira hiyo, na tusi halina mahali pa kukanyaga.

Hili si jambo la maneno matupu. Mwezi wa Agosti 2014, mwaka wa tohara, habari zilienea kwamba pale Moi's Bridge, katikati ya Kitale na Eldoret, wanaume zaidi ya kumi wa jamii zisizotahiri walikamatwa na umati, wakavuliwa nguo, wakakatwa kwa nguvu. Na miaka sita kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume walifanyiwa hivyo Naivasha na Nairobi. Tume ya Jaji Waki, iliyohesabu waliokufa katika machafuko hayo kuwa 1,133, ilitenga sura nzima ya ripoti yake kwa dhuluma za kimwili za namna hii. Wanawake waliobakwa na wanaume waliokatwa waliwekwa katika sura moja. Tume ilifanya vyema. Ni kisu kile kile.

Rwanda walitangulia kutuonyesha

Kuna watu watasema tunakuza mambo, ati matusi ya wanawake yalikuwepo tangu zamani na hayajachoma nyumba ya mtu. Tuwakumbushe jirani zetu.

Desemba 1990, zaidi ya miaka mitatu kabla ya mauaji ya kimbari, gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha kile kilichoitwa Amri Kumi za Wahutu. Mtu angedhani amri ya kwanza itakuwa juu ya bunduki, ardhi au serikali. Sivyo. Amri tatu za kwanza zilikuwa juu ya wanawake. Mwanamke Mtutsi alichorwa kama mtego, Mhutu atakayemwoa au kumpa kazi ya uandishi akaitwa msaliti, na wanawake Wahutu wakapewa kazi ya kuwachunga waume, ndugu na wana wao. Jeshi na biashara vilifuata baadaye katika orodha.

Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Julai 1993, alikuwa Mhutu, lakini hilo halikumwokoa. Magazeti ya chuki yalimchora michoro ya aibu ambayo hatuwezi kuieleza hapa. Watu walicheka. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, asubuhi ya siku ya kwanza. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilikuja kutamka, mnamo Septemba 1998 katika kesi ya Akayesu, kwamba ubakaji katika Rwanda ulikuwa sehemu ya mauaji ya kimbari yenyewe. Kabla ya hapo hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imelisema hilo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza mwanamke wa kabila lile anafanywa kichekesho, halafu anafanywa hatari, kisha kabila lake lote. Yule mwanamke wa kabila letu anayesema "acheni" naye anaitwa malaya wa adui.

Ng'ambo nako ni vivyo hivyo. Mtu aliyeua watu 77 nchini Norway mwaka 2011 alikuwa ameandika kurasa zaidi ya elfu moja za chuki juu ya Waislamu, na ndani yake akawalaumu wanawake wanaodai haki. Kijana aliyeua watu sita Isla Vista, California, mwaka 2014 aliacha maandishi ya kuwachukia wanawake yaliyochanganyika na dharau kwa watu weusi na watu wa asili ya Asia. Ukisoma mambo hayo unaona kama ni shamba moja lenye mimea miwili.

Simu imeongeza nini?

Kampuni zenye mitandao hii zinaishi kwa matangazo, na matangazo yanataka macho. Mashine inahesabu ni kitu gani kimefanya watu wasimame, wajibu, warushe mbele. Haijui kama wamesimama kwa upendo au kwa hasira. Na ninyi mnajua ni kipi kinasimamisha watu sokoni, mahubiri au ugomvi.

Mwezi wa Juni 2022 mtafiti Mkenya, Odanga Madung, akishirikiana na shirika la Mozilla, alionyesha video zaidi ya 130 za TikTok zenye uchochezi na uongo kuhusu uchaguzi wetu, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. Shirika la Pollicy la Uganda nalo liliongea na wanawake zaidi ya 3,000 katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, na katika ripoti yake ya mwaka 2020 zaidi ya robo yao walisema wameshambuliwa kwenye mitandao. Shirika hilohilo lilirudi kuchunguza jinsi wanawake wagombea walivyotendewa mtandaoni katika uchaguzi wetu wa 2022.

Wagombea hao, hata waliposhinda, hawakupona swali la "kwao". Wavinya Ndeti wa Machakos aliandamwa miaka mingi kwa sababu aliolewa na Mnigeria. Cecily Mbarire wa Embu aliambiwa mume wake ni wa Busia. Hatujasikia mwanamume akinyimwa kura ya ugavana ati kwa sababu mke wake alizaliwa kaunti nyingine! Wote wawili walichaguliwa magavana Agosti 2022, katika wanawake saba waliochaguliwa mwaka huo.

Lakini tusiweke lawama yote kwa vijana wa mjini wasiojulikana. Mara nyingi anayetuma ujumbe mchafu ni mtu tunayemjua, aliyeupokea kwa shemeji yake, ambaye naye aliupokea kwa mtu wa kikundi cha mazishi. Wanawake nao wanawatukana wanawake wenzao, tena kwa maneno makali zaidi, hasa mke aliyetoka jamii nyingine. Tumeyasikia.

Na vijana wa kiume tuwaseme kwa haki. Kijana amemaliza kidato cha nne, shamba la baba limegawanywa mpaka limekuwa ekari nusu, boda boda si yake, na msichana aliyemtaka ameenda na mwenye mshahara. Usiku anafungua simu anakutana na mwalimu wa uanaume anayemwambia kosa si lake, wanawake ndio walioharibika. Anafarijika. Kesho mwalimu yule anamwongezea kwamba wasichana wa kabila fulani ndio wabaya zaidi. Keshokutwa ni kabila lenyewe. Kijana huyu hatumpati kwa kumfukuza kikundini. Amekwenda kule kwa sababu kule kuna mtu anayeongea naye kila siku, na sisi tunaongea naye wakati wa harambee tu, tunapohitaji mtu wa kubeba viti.

Kinachopotea

Mama akitukanwa kwenye simu mara mbili, mara ya tatu hajibu. Mara ya nne anatoka. Kikundi kinasema, "Ametoka mwenyewe." Lakini ni huko ndani ya simu tangazo la mbolea linapotumwa, na la basari, na la siku ya afisa wa kilimo kuja. Mwisho wa mwaka anaacha na uweka hazina. Mume wake anasema ni afadhali, heshima ya nyumba imerudi. Vikundi vyetu vingi vilianzishwa na akina mama, nao ndio waliobeba mawe ya msingi.

Kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Januari 2024 wanawake kadhaa waliuawa Nairobi, na kwenye simu watu wengi hawakuuliza nani ameua, waliuliza marehemu alikuwa anatafuta nini pale. Maelfu waliandamana tarehe 27 mwezi huo katika Nairobi na miji mingine. Baadaye mwaka huohuo polisi walitangaza wanawake 97 waliouawa kati ya Agosti na Oktoba peke yake. Mmoja katika miezi hiyo alikuwa jirani yetu wa Endebess, mwanariadha Rebecca Cheptegei, mzaliwa wa Bukwo upande wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki Paris tarehe 11 Agosti. Tarehe 1 Septemba, Jumapili, alimwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Ilisemwa walikuwa wakigombania kiwanja na nyumba. Hatusemi simu ndiyo iliyomwua. Tunasema kwamba mahali watu wamezoea kusikia kila siku kwamba mwanamke mwenye pesa na shamba lake ni kiburi, mwuaji anakuta udhuru umeshatayarishwa, unamngoja.

Sheria inasemaje

Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu kuna pengo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inakataza matamshi ya kuchochea chuki kwa rangi, uraia, kabila au asili. Mwanamke kama mwanamke hayumo ndani. Kwa hiyo lile jibu la nne katika mfano wetu linaweza kuangukia sheria hiyo, na la tatu lisianguke, ingawa yametoka mdomo mmoja. Katiba ya 2010 ni pana zaidi. Ibara ya 33 inasema uhuru wa kusema haufiki kwenye chuki iliyojengwa juu ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika Ibara ya 27, na humo jinsia imetajwa, na ndoa pia.

Picha za faragha ni jambo jingine. Anayesambaza picha za uchi za mtu anavunja kifungu cha 37 cha Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018, na faini ni mpaka shilingi 200,000 au kifungo mpaka miaka miwili, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo ina kifungu cha 27 juu ya kumwandama mtu mtandaoni, ingawa marekebisho yake ya mwaka 2025 yalipingwa mahakamani, basi ulizeni wakili au ofisi ya msaada wa sheria kabla ya kukitegemea. Na kumvua mtu nguo hadharani, kama walivyotendewa akina mama katika vituo vya magari mwaka 2014, kuliwekewa kifungu chake, 251A cha Kanuni za Adhabu, baada ya wanawake kuandamana Nairobi mwezi wa Novemba mwaka huo.

Mama aliyetukanwa au kutishwa asifute ujumbe, hata kama unamchoma moyo. Apige picha ya skrini ikionyesha namba na tarehe, aitume kwa mtu mmoja anayemwamini, halafu aende kituo cha polisi aulize dawati la jinsia. Asiende peke yake. Namba 1195 ya msaada wa dhuluma za kijinsia hailipishwi. Afisa akimwambia "hayo ni mambo ya simu, fungia tu mtu huyo", aombe kuandikiwa namba ya OB kabla ya kutoka.

Daftari la mwezi mmoja

Waliopitia mafunzo ya DELTA wanakumbuka kwamba kikundi hakianzi na dawa, kinaanza na kuangalia. Tunapendekeza hivi. Chagueni watu watatu, mmoja awe kijana wa kiume, wanunue daftari la kurasa 48. Kwa mwezi mmoja waandike kila ujumbe wa dharau unaoingia katika simu za kikundi, bila kuandika jina la mtumaji. Waandike neno lenyewe, lilirushiwa nani, ugomvi ulikuwa juu ya nini kabla halijatumwa, na liliondoka likaenda wapi. Waweke alama mahali tusi la mwanamke na tusi la kabila yamekuja siku moja. Hapo ndipo mtajua kama haya tuliyoandika ni ya kweli kwenu au si ya kweli.

Mwezi ukiisha daftari lisomwe katika mkutano wa ana kwa ana, si kwenye simu. Lisomwe na mwanamume. Maneno mengine hayatasomeka mbele ya mama mkwe na watoto, na hapo msomaji atasimama, atatafuta namna. Mwacheni asimame. Kisha zungumzeni: ni nani alinyamaza siku ile, na kwa nini? Nani alifaidika? Admini alikuwa wapi?

Kisha fungueni katiba ya kikundi. Nyingi zina faini ya kuchelewa na faini ya simu kulia mkutanoni, lakini hazina neno juu ya kile kinachosemwa ndani ya simu hiyo. Amueni faini ni ngapi, nani anaitoza, na kwamba deni la mtu haliondolewi na ugomvi alioanzisha. Fanyeni hivyo mapema, kabla kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 hazijapamba moto, wakati bado mnaweza kukaa benchi moja. Daftari lenyewe libaki kwa mwandishi, limefungwa pamoja na vitabu vya hesabu.